Mafuta Safi kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimepata wazo. Si kama yale mengine. Hili lina harufu.

Baridi ya Kitengela mwaka huu imezidi. Ploti nzima inakohoa. Jirani wa ghorofa ya juu akikohoa, wa chini anamjibu. Vumbi la barabara ya Namanga linaingia hadi kwenye sukari. Na wanaokohoa wanakimbilia wapi? Kwa Wachira! Jirani yangu Wachira, ambaye juzi tu alikuwa akiuza vipuri vya pikipiki, sasa amevaa koti jeupe na kufungua duka la dawa za asili karibu na steji. Anauza mafuta ya majani kwenye vichupa vidogo kuliko kidole. Mtu anapaka kifuani, anavuta pumzi, halafu anamwita Wachira daktari. Daktari!

Mimi nilikuwa mtunza stoo kiwandani mpaka walipotupunguza. Najua kupima, kupanga na kufunga. Majani yanishinde? Mkaratusi wenyewe umesimama uani kwa Wachira na nusu ya matawi yake yamelala upande wangu. Tawi likivuka ukuta ni langu. Nafikiri hiyo ni sheria.

Nimemweleza Ndanu tukinywa chai. Mke wangu ni fundi wa kushona. Huongea akiwa na pini mdomoni, na hiyo humpa ruhusa ya kutojibu. Safari hii alitoa pini. Akaniuliza kama nimesahau hasara ya biashara ya kwale. Nikamwambia kwale ni ndege, haya ni mafuta. Akarudisha pini mdomoni.

Jumanne, 5 Agosti

Nimekwenda dukani kwa Wachira kufanya utafiti. Nilijifanya nina kikohozi. Mwanzoni nilikohoa vizuri, baadaye nikasahau.

Nikamwuliza, kwa mbali tu, mafuta hutokaje kwa jani. Akanieleza kila kitu! Majani yanawekwa juu ya maji yanayochemka, mvuke unapita ndani yake na kubeba mafuta, unapitishwa kwenye mrija wa baridi, ukipoa mafuta yanaelea juu ya maji. Mtu gani humwaga siri ya biashara namna hiyo? Karibu nimhurumie.

Kisha akaharibu. Alisema mafuta yakiwa bado hayajachanganywa na chochote ni makali sana. Hayanywewi hata kidogo. Hata kwa ngozi lazima uyapunguze na mafuta ya kawaida. Aliyasema polepole, akiniangalia usoni. Niliitikia kwa heshima. Wivu huo! Amenusa ushindani, sasa anatisha watu.

Habari nyingine. Mama mkwe anakuja kutoka Makueni kutibiwa goti. Nimefurahi kwa dhati. Mama Roda ndiye mtu pekee wa upande ule aliyenunua mayai yangu ya kwale. Aliyala, na akasema ni matamu.

Shida ni nthoni tu. Kwetu Wakamba, mtu na mama mkwe wake huheshimiana kwa umbali. Hatushikani mikono. Hatukai kiti kimoja. Yeye hawezi kulala nyumbani kwangu. Kwa hivyo atalala kwenye chumba cha nyuma cha duka la Ndanu, hatua chache kutoka mlangoni petu. Nikitaka kumwambia kitu namwambia Ndanu, Ndanu anamwambia yeye, hata kama sote tumekaa hapo hapo tukisikilizana.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimerudi kutoka Kisaju na magunia ya majani ya leleshwa! Dereva wa boza la maji alinibeba akienda kujaza.

Katoo ndiye aliyenionyesha kichaka. Ni mfugaji, tulijuana akituletea maziwa kiwandani. "Sopa, Munguti," akanisalimu. "Ipa," nikajibu, na hapo Kimaa changu kikaisha. Nikamwambia nataka majani ya kutengenezea dawa. Akasema wao hawatengenezi, wanavunja tawi tu. Zamani morani waliweka majani hayo kwapani. Nikamwuliza yanatibu nini. Alifikiria kwa muda mrefu. Akasema yanatibu kunuka.

Mitambo imewekwa jikoni Ndanu akiwa dukani. Sufuria yake ya presha. Nimeng'oa kile kidude cha juu kinachopiga mluzi, nikachomeka mrija wa shaba niliopewa na fundi wa friji, nikauzungusha ndani ya beseni la maji baridi. Ndani nikatia leleshwa, na mkaratusi wa upande wangu wa ukuta. Nikawasha gesi. Mvuke! Tone! Tone lingine! Niliimba peke yangu.

Nimechemsha mchana kutwa. Nilitarajia debe. Nimepata maji mengi, na juu yake mafuta membamba kama yale yanayoelea kwenye supu. Nimeyafyonza kwa bomba la sindano. Yamejaza vichupa viwili vya dawa ya macho. Viwili tu! Lakini harufu yake! Paka wa ploti amehama.

Ndanu alipika githeri katika sufuria ileile. Ilikuwa kama kula githeri ndani ya duka la dawa. Nikamwambia angalau pua zimefunguka. Hakuliona kuwa jambo la kushukuru.

Ijumaa, 8 Agosti

Siku ya jaribio. Mtu asiuze kitu ambacho hajajaribu mwenyewe. Nimepaka makwapa yote mawili, kama morani, na nimepaka mafuta yenyewe, sikuchanganya na chochote. Wachira abaki na woga wake.

Kwanza ubaridi mtamu. Kisha moto. Moto! Nimenawa kwa maji, moto ukaenea. Nimekaa kitandani na mikono juu kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Mkutano wa wapangaji ulikuwa mchana huohuo. Nilihudhuria viwiko vikiwa mbali na mbavu, kama kuku anayetaka kuruka ukuta. Mwenyekiti aliuliza nani atajitolea kusimamia usafi wa tangi la maji. Akaona mkono wangu uko juu. Makofi. Sasa mimi ndiye msimamizi wa tangi.

Matokeo ya jaribio: mafuta ni makali. Makali ni mazuri. Dawa isiyouma ni maji tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Ushindi! Kichupa kimoja nimekichanganya na mafuta ya kupikia. Si kwa sababu ya Wachira. Ni ili yawe mengi. Nimepata chupa za kutosha kujaza kikapu, nimeandika "Leleshwa Bora" kwa kalamu nyekundu, nimeketi nje ya duka la Ndanu. Kabla ya chakula cha mchana zimeisha! Kui wa mboga amechukua mbili. Amesema zinanukia kama hospitali ya pesa.

Wachira alipita. Aliutazama mti wake. Upande wangu umekuwa kipara. Nilijiandaa kwa vita, sheria ya matawi ikiwa tayari ulimini. Akasema tu, "Habari ya kazi, jirani," akaenda zake. Mtu baridi sana.

Mama Roda amefika. Amekonda kidogo. Anashuka ngazi moja, anapumzika, anashuka nyingine. Nilisimama mbali, nikaangalia chini kama inavyotakiwa, naye akafunika kichwa kwa leso na kuangalia ukuta. Tukasalimiana vizuri sana, mimi na ardhi, yeye na ukuta.

Kichupa cha pili, kile chenye mafuta yenyewe, sikukigusa. Nimpe mama mkwe mafuta ya kupikia? Aibu! Kilicho safi ni chake. Nikampa Ndanu amkabidhi. Ndanu alikuwa akipima sketi ya shule, pini mdomoni. Nikasema, ili na mama asikie, kwamba dawa hii ni ya goti, inafaa pia kifua, na nguvu yake inaingia mpaka ndani. Ndanu akageuka akamwambia mama yake, kupitia pini, dawa ya goti na kifua, inaingia ndani.

Mama Roda akamwambia Ndanu aniambie kwamba Mungu anibariki. Akasema alijua tangu mwanzo kwamba binti yake hakuolewa na mtu wa hivihivi.

Nilienda nyuma ya nyumba kidogo. Vumbi liliniingia machoni.

Jumapili, 10 Agosti

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali.

Baada ya ibada Ndanu alienda Kajiado mjini na akina mama wa kanisa kumwona mgonjwa. Mama Roda alibaki akapumzike. Kanisani alikuwa amewaeleza wanawake wote kwamba mkwe wake ametengeneza dawa. Niliwaona wakigeuka kunitazama. Nilinyoosha shati.

Nilikuwa uani naosha chupa nikasikia kikombe kikivunjika dukani kwa Ndanu. Halafu kikohozi. Si kikohozi cha baridi. Nilienda mpaka mlangoni nikasimama, kwa sababu mkwe haingii alipolala mama mkwe. Nikaita, "Mama?"

Sauti ndogo ikajibu, "Usiingie, Baba Caro."

Caro ni binti yetu, yuko chuoni. Sijui kwa nini nilimfikiria yeye wakati ule. Nilisimama pale kama nguzo. Nikaita jirani yeyote. Wote walikuwa bado makanisani. Nikasikia akitapika.

Niliingia.

Alikuwa ameketi sakafuni, midomo imekauka, macho mazito kama mtu anayelazimishwa kulala. Chai imemwagika. Chumba chote kilinuka leleshwa. Kichupa kilikuwa kitandani, na kiasi kilichopungua hakikuwa cha kupaka goti. Alikuwa ametia kijiko kizima kwenye chai. Hata akiwa katika hali ile aliinua leso akafunika uso, ili nisimwone.

Nilimbeba mgongoni. Mimi, Munguti, nimembeba mama mkwe wangu mgongoni mchana kweupe! Alikuwa mwepesi. Aligeuza uso kando, mimi nikaangalia chini, tukaheshimiana kwa kadiri ilivyowezekana. Nilikimbia mpaka barabarani nikipiga kelele. Gari la kwanza lililosimama lilikuwa Probox ya Wachira.

Hakuniuliza kitu. Alimnusa tu, akaniangalia, akakanyaga mafuta. Nilitaka tumtapishe njiani. Akanikataza kwa ukali, akasema mafuta yakipanda yanaweza kuingia kwa mapafu. Nilishika kichwa cha Mama Roda kisigonge dirisha.

Hospitalini daktari, msichana mdogo wa umri wa Caro, aliuliza amekunywa nini. Nikasema dawa. Dawa gani? Ya majani. Nani aliitengeneza? Nikaangalia viatu vyangu. Wachira alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilingoja aseme. Ilikuwa nafasi yake, na angekuwa na haki. Hakusema.

"Mimi," nikasema.

Wamemwekea oksijeni na wanamwangalia. Wachira amempigia Ndanu simu. Mimi nilishindwa kubonyeza.

Jumatatu, 11 Agosti

Ameamka! Asubuhi alifungua macho, akaomba uji, akauliza leso yake iko wapi. Nilisikia kutoka kwenye korido. Niliegemea ukuta mpaka nikaishia kukaa chini, na mwenye kufagia akanizunguka kwa fagio.

Daktari alitueleza mimi na Ndanu. Majani yenyewe si mabaya. Watu wanajifukiza kwa mvuke wake, wanasikia nafuu ya mafua, sawa. Lakini ukikamua gunia la majani likaingia kwenye kichupa, tone moja linabeba nguvu ya kichaka. Kijiko kimoja kinaweza kulaza mtu mzima asiamke, na mtoto ndiyo usiseme. Alisema Mama Roda amebahatika sana. Aliuliza kama kuna wengine walionunua. Nikasema wale walipata ya kupikia, kwa wingi. Bado, akasema, niende nikayakusanye yote leo. Nimeyakusanya. Kui amekataa kurudisha chupa ya pili, anakaangia mayai. Nimemsihi mpaka akaitoa.

Ndanu hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye benchi na mkoba magotini, bila pini, na kila neno likatoka wazi. "Ulimpa mama yangu kitu ambacho wewe mwenyewe hukujaribu."

Nikasema nilijaribu kwa makwapa.

Halikusaidia.

Baadaye akaanza kulia na kusema yeye ndiye aliyemwambia mama kwamba inaingia ndani. Nikamwambia hapana, ni mimi. Wachira alishanionya dukani nikadhani ni wivu. Hilo sikutaka kulisema, lakini lilitoka. Ndanu akanipa nusu ya mandazi yake. Sijui maana yake. Nimeyala.

Jumanne, 12 Agosti

Wodini Mama Roda amekuwa mtu maarufu. Anawaambia wagonjwa wenzake kwamba mkwe wake alimbeba mgongoni na hakumwangusha. Ndanu ameniletea ujumbe wake, neno kwa neno: "Mwambie Baba Caro dawa yake si ya mchezo. Kidogo tu, ikaniangusha."

Nimejaribu kusikia aibu peke yake. Lakini kuna kitu kingine kidogo nilisikia pia. Sitakitaja.

Wamempima goti vilevile. Wamempa vidonge na wakamfundisha mazoezi. Leo ametembea mpaka dirishani. Ndanu anasema ni vidonge. Huenda.

Nimeenda kumshukuru Wachira. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikapotea. Nikasema mti wake nitaupalilia. Akasema mti hauna shida, utachipua. Kisha akanionyesha kidole chake cha gumba. Kina alama. Zamani, kabla ya kufungua duka, alisema, alimpaka mwanawe mchanga kifuani mafuta ya mkaratusi bila kujua hayafai watoto. Mtoto alishindwa kupumua, na akiwa njiani kwenda hospitali Wachira alijibana kidole kwenye mlango wa gari na hata hakusikia maumivu. Mtoto alipona, sasa yuko darasa la nne. Tangu hapo humwonya kila mtu, hata mteja akikasirika. Hata mteja akiwa na kikohozi cha uongo, akaongeza.

Alijua! Siku ile yote alijua!

Tumekunywa soda. Si mtu baridi kama nilivyodhani.

Alhamisi, 14 Agosti

Mama Roda ametoka hospitalini. Mjomba wa Ndanu amepiga simu kutoka Makueni. Kumbeba mama mkwe ni kuvunja nthoni, hata kama ni kwa kumwokoa. Nitoe mbuzi, mambo yasafishwe. Nimekubali kabla hajamaliza sentensi. Ningetoa ng'ombe, kama ningekuwa naye.

Kisha mchungaji akaja kumwombea mgonjwa, na Ndanu akatumia nafasi hiyo. Alinisimamisha mbele ya mchungaji, mbele ya mama yake aliyeangalia ukuta, na kuniambia niape. Kwamba mimi, Munguti, sitamtengenezea mtu yeyote dawa tena, ya kunywa wala ya kupaka. Mtu yeyote. Mchungaji akauliza kama nimeelewa.

Nimeapa kwa moyo wote. Mrija wa shaba nimeurudisha kwa fundi wa friji kwa mkono wangu mwenyewe. Nilijisikia mwepesi nikirudi, kama mtu aliyetoka kutubu. Ndanu alinipikia chapati. Maisha haya mapya nayaweza.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda Kisaju kuchukua mbuzi kwa Katoo. Nimemweleza yote. Alishika kichwa. Akasema leleshwa hawakuwahi kuiweka kwenye chai, hata babu yake aliyekuwa mtu wa kujaribu vitu.

Akanichagulia beberu mweupe, mzuri, miguu imara. Mama Roda atampenda. Lakini tulipokuwa tukimfunga kamba Katoo aliinua sikio la mbuzi akaanza kung'oa kupe, mmoja baada ya mwingine, akilalamika. Mwaka huu kupe wamezidi, alisema. Dawa ya kuogeshea kila siku ni nyingine, na kupe wanaizoea. Mbuzi wanakonda, ndama wanakufa. Nikamwuliza kama ni kwake tu. Akacheka. Akanyoosha mkono kuanzia Kisaju mpaka Namanga.

Nimetazama alikonyoosha mkono. Mbuzi! Kondoo! Ng'ombe! Mpaka macho yanapoishia, na kila sikio lina kupe.

Nikamwuliza Katoo kama amewahi kuona kupe kwenye kichaka cha leleshwa. Alifikiria. Akasema hajawahi kutafuta. Hajawahi kuwaona, kwa maneno mengine!

Dereva wa boza alinirudisha, mbuzi akiwa katikati yetu. Njia nzima nilikuwa nafikiria kile kiapo, kwa uaminifu, neno kwa neno, kwa sababu mimi si mtu wa kuvunja ahadi kwa mke wangu. Mtu yeyote, alisema Ndanu. Mchungaji alisikia. Mama Roda alisikia. Mtu.

Nimeshuka kwa fundi wa friji kabla ya kufika nyumbani. Mrija alikuwa bado hajauuza.

Nitaanza na huyuhuyu beberu wa kusafisha mambo. Nataka afike kwa mama mkwe bila kupe hata mmoja, tena akinukia.